Kiyaaku: Kweli na Si Kweli Kuhusu Lugha Inayozimika Jirani ya Meru

Ukivuka mashamba ya ngano ya Timau na kuanza kuteremka kuelekea Isiolo, upande wa kaskazini, ng'ambo ya tambarare za Lewa, kuna msitu wa Mukogodo. Ni takriban hekta 30,000 za mitarakwa na mizeituni ya mwituni, ndani ya Kaunti ya Laikipia. Wenyeji wa msitu huo ni Wayaaku, ambao vitabu vingine huwaita Wamukogodo. Lugha yao, Kiyaaku, imebaki kwa wazee wa kuhesabika kwa vidole. Sisi wa Meru tunapakana nao, tunanunua asali ya upande ule, tunapishana nao mnadani, lakini mengi tunayosimuliana juu yao hayana msingi. Hapa nimeyachukua madai yanayozungumzwa sana na kuyapima moja baada ya jingine. Mengine yatatuchukua muda, mengine ni ya kujibu na kupita.

"Kiyaaku ni Kimaasai cha porini."

Si kweli. Kimaasai ni ndugu wa Kisamburu, na kwa mbali ni jamaa wa Kiturkana na Kikalenjin. Kiyaaku ni lugha ya Kikushi; ukoo wake ni wa kina Kisomali, Kirendille na Kiborana. Ukisimama sokoni Isiolo ukasikia Mborana akipatana bei ya mbuzi, lugha inayotoka kinywani mwake iko karibu zaidi na Kiyaaku kwa nasaba kuliko Kimaasai cha Doldol, ingawa Doldol ndiko Wayaaku wanakoishi.

Kosa hili lina historia. Maafisa wa kikoloni waliwaandika Wayaaku kama "Wandorobo", jina lililotokana na lile ambalo Wamaasai huwapa watu wasio na ng'ombe. Chini ya jina hilo waliingizwa Waogiek wa Mau, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikalenjin, na makundi mengine mengi ya wawindaji ambayo hayakuwa na uhusiano wowote wa lugha. Afisa aliyeandika "Ndorobo" katika daftari lake alikuwa ameandika umaskini wa mifugo, wala hakuuliza watu hao wanasema nini wakiwa nyumbani. Ilibidi ifike mwaka 1974 na 1975 ndipo mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, Bernd Heine, alipochapisha maelezo ya kwanza ya maana kuhusu sarufi na msamiati wa Kiyaaku. Wakati huo waliokijua walikuwa tayari watu wazima waliokuwa wakizeeka, na watoto wao walikuwa wakizungumza Kimaasai.

"Wazungu ndio waliipiga marufuku."

Si kweli, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu jibu lenyewe lina uzito kuliko marufuku yoyote.

Hakuna sheria iliyomkataza Myaaku kusema lugha yake. Wala si shule iliyoiondoa. Lugha ilianza kuachwa kabla shule hazijafika msituni. Hadi miaka ya 1920 watu hawa waliishi katika mapango na chini ya miamba, wakiwinda, wakichimba mizizi na, zaidi ya yote, wakifuga nyuki. Kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu na miti yake ya kutundika mizinga. Mzinga ulichongwa kutoka kwenye gogo, ukazibwa pande zote mbili, ukaachiwa tundu la nyuki kupita, kisha ukapandishwa mtini kwa kamba. Myaaku aliyetaka kuoa alipeleka mizinga. Hiyo ndiyo ilikuwa mahari.

Msomaji wa Meru ataielewa desturi hiyo bila kuelezwa. Mahari ya jadi ya Wameru ina mtamba, fahali, kondoo jike, kondoo dume na asali. Tofauti ni kwamba kwetu asali ilisimama pamoja na mifugo, na kwa Wayaaku mzinga ulisimama peke yake.

Kilichobadilisha mambo kilitoka nje. Kwa mapatano ya mwaka 1911 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia kwenda kusini, na kufikia 1913 nyanda zile zilikuwa zimefunguliwa kwa walowezi. Vikundi vidogo vilivyokuwa vikisema Kimaasai, ambavyo navyo viliitwa Ndorobo lakini vilikuwa na mifugo, vilisukumwa kutoka kwenye ardhi ya walowezi hadi eneo la Mukogodo. Kwa ghafla Wayaaku wakawa na majirani wenye ng'ombe, mbuzi na kondoo. Majirani hao wakaja kuposa.

Sasa mtazame baba wa Kiyaaku wa miaka ya 1920. Jirani mfugaji anamletea ng'ombe kwa ajili ya binti yake. Kijana wa Kiyaaku anamletea mizinga. Anachukua ng'ombe. Mwaka unaofuata mwanawe wa kiume anataka kuoa, na baba wa msichana naye ameshaonja utamu wa ng'ombe. Mizinga haimtoshi tena. Kwa hiyo kijana lazima atafute mifugo, na mifugo inataka malisho, inataka marafiki wa kugawana naye mbuzi wakati wa ukame, inataka ajue majina ya rangi za ng'ombe na alama za masikio. Yote hayo yalikuwa yakisemwa kwa Kimaasai. Heshima nayo ilikuwa ikisemwa kwa Kimaasai, kwa kuwa machoni pa wafugaji mla asali na nyama ya porini alikuwa mtu wa chini. Mwanaanthropolojia Mmarekani Lee Cronk, aliyefanya utafiti Mukogodo tangu miaka ya 1980 na kuandika kitabu juu yao mwaka 2004, ameonyesha jinsi mageuzi haya yalivyokwenda kasi: kufikia katikati ya miaka ya 1930 mapango yalikuwa karibu yote yamehamwa na watu wanaishi katika manyatta kama wafugaji wengine.

Kwa hiyo ukoloni una lawama, tena kubwa, lakini lawama yake ni ya ardhi. Uliwabana watu wa aina mbili katika eneo moja, mmoja mwenye mali inayotembea na mwingine mwenye mali iliyotundikwa mtini. Baada ya hapo lugha ilifuata njia ya posa.

"Wazee walikaa baraza wakaamua kuiacha lugha yao."

Kweli kwa sehemu. Watafiti wameandika, kutokana na masimulizi ya Wayaaku wenyewe, kwamba katika miaka ya 1930 kulifanyika mkutano wa hadhara ambapo iliamuliwa watoto walelewe kwa Kimaasai. Sina sababu ya kuyakataa masimulizi hayo. Ninachokikataa ni ile picha ya lugha iliyozimwa kwa kikao cha siku moja.

Wameru tunajua mipaka ya kikao. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza lenye mamlaka kuliko yote katika nchi ya Meru, lilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Uamuzi ulitolewa bila upinzani barazani. Katika miaka iliyofuata maelfu ya wasichana walijikata na kukatana wenyewe kwa wenyewe, wakajulikana kama Ngaitana, wakatozwa faini, na desturi ikaendelea. Baraza lilikuwa limeamua. Nyumba hazikuwa tayari. Huko Mukogodo mambo yalikuwa kinyume chake. Nyumba zilikuwa zimeshaanza kubadilika kwa sababu ya mahari, na mkutano ukatamka kwa sauti jambo ambalo akina mama na akina baba walikuwa tayari wanalitenda.

"Lugha ya wawindaji ina maneno machache na haina sarufi."

Si kweli hata kidogo. Kiyaaku kina jinsia za nomino, ya kiume na ya kike, na kina njia zake za kuunda wingi ambazo mwanafunzi wa Kiswahili, aliyezoea ngeli zinazobadilika mwanzoni mwa neno, atatokwa jasho kuzifuata. Kuhusu nyuki, miti, wanyama na sehemu za msitu, msamiati wake ulikuwa mpana.

Tena ushahidi wa utajiri huo haukufa wote. Mtafiti Mjerumani Matthias Brenzinger alichunguza Kimaasai kinachozungumzwa na Wayaaku na akaonyesha, katika andiko la mwaka 1992, kwamba maneno ya Kiyaaku yalibaki ndani yake, hasa ya maisha ya kuwinda, kukusanya matunda na kufuga nyuki. Sababu ni rahisi kuielewa. Kimaasai kilikuja na maneno ya kutosha ya ng'ombe, lakini mfugaji hakuwa na haja ya kukipa jina kila kipande cha kazi ya mrina asali. Palipokuwa na pengo, Kiyaaku kilibaki. Kwa hiyo kijana wa Doldol anayeamini kwamba hajui neno hata moja la lugha ya babu zake huenda anayatumia kila anapopanda mtini kurina.

"Mambo kama haya hutokea Papua, huko watu wanakoishi mbali na dunia."

Si kweli, ingawa Papua inafaa kutajwa, kwa kuwa yaliyotokea huko yanaangaza yetu. Papua New Guinea ina lugha zaidi ya 800, nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Nyingi kati yake huitwa za Kipapua, lakini jina hilo halimaanishi ukoo mmoja. Ni mafungu mengi ya lugha, mengine yasiyo na ndugu popote. Mojawapo ni Kitayap, lugha ya kijiji kimoja tu kiitwacho Gapun, karibu na mto Sepik. Mwanaanthropolojia Don Kulick alianza kwenda huko katika miaka ya 1980, na mwaka 2019 alitoa kitabu chake cha mwisho juu ya kijiji hicho pamoja na sarufi na kamusi ya lugha aliyoiandaa na Angela Terrill. Wasemaji walikuwa wamepungua chini ya 50.

Gapun hapakuwa na shamba la mlowezi wala uhamiaji mkubwa. Watu waliendelea kukaa kwenye ardhi yao, wakila sago yao. Kilichobadilika ni kwamba wazazi walianza kuwasemesha watoto kwa Tok Pisin, lugha ya biashara, ya kanisa na ya vijana waliotoka kufanya kazi za mashamba. Kulick alipouliza kwa nini watoto hawasemi Kitayap, wazazi walijibu kwamba ni watoto wenyewe wanaokataa. Mzazi anambembeleza mtoto kwa Tok Pisin, anamwita kula kwa Tok Pisin, kisha anashangaa mtoto amepata wapi ukaidi huo.

Jibu hilo nimelisikia Makutano, nimelisikia Embu mjini, nimelisikia Chuka. "Watoto wa siku hizi hawataki Kimeru." Mtoto wa miaka miwili hana lugha anayoikataa, ana ile aliyopewa. Hilo naliamini kwa dhati, na ndiyo sababu Kiyaaku kinanishughulisha kuliko habari za makumbusho.

"Wameru hawana uhusiano wowote na lugha kama hizo."

Si kweli. Masimulizi ya Wameru yamejaa watu waliokutwa hapa na kumezwa: Waathi wa msituni waliokuwa wawindaji, Wagumba wanaosemekana kuishi mashimoni, na Wamuoko, wafugaji waliopigana na Watigania na Waigembe kwenye tambarare za kaskazini hadi wakatoweka ndani yao. Mchungaji Philip M'Inoti, mmoja wa Wameru wa kwanza kuandika historia ya kwao, aliiandika kwa Kiswahili katika miaka ya 1930 chini ya jina "Asili ya Wameru na Tabia Zao". Miongo minne baadaye Mmarekani Jeffrey Fadiman aliwahoji wazee wengi wa Meru kuhusu habari hizo hizo. Watu waliomezwa walikuwa na lugha. Hakuna aliyeziandika. Wajukuu wao wanaitwa Wameru leo, wanaishi Igembe, wanaishi Imenti, na hakuna anayeweza kuwaambia mababu wa upande huo walisemaje.

Kwa kipimo hicho Wayaaku wana bahati. Angalau yupo aliyefika na daftari kabla ya jua kuzama kabisa. Wenzao Waaasax wa Tanzania, Wakushi pia, waliohamia Kimaasai kwa njia inayofanana na hii, walimpoteza msemaji wao wa mwisho mwaka 1976.

"Kimeru kina watu karibu milioni mbili, hakiko hatarini."

Nusu kweli. Sensa ya 2019 ilihesabu Wameru wapatao milioni 1.98. Lakini sensa ya Kenya huuliza kabila. Haiulizi lugha unayosema nyumbani. Mtoto aliyezaliwa Nairobi asiyejua kumwamkia nyanya yake amehesabiwa humo. Takwimu hiyo inaeleza idadi ya watu wanaojiita Wameru na haituambii hata kidogo ni wangapi wanaowasemesha watoto wao Kimeru.

Halafu kuna suala la Kimeru kipi. Maandishi ya Kimeru, yaliyoanza na kazi ya Wamethodisti waliofika Kaaga mwaka 1912, yalijengwa juu ya Kiimenti. Biblia iko katika sauti hiyo. Igembe na Tigania ni wengi, wana redio, wana soko la miraa linalowapa wafanyabiashara sababu ya kuongea kwao hadi Nairobi. Sina hofu ya karibuni kwao. Watharaka walipata kujitenga katika sensa na wana wataalamu wa lugha wao wenyewe. Hofu yangu iko kwa Wamuthambi, kwa Waigoji, kwa Wamiutini, watu ambao usemi wao huandikwa mara chache sana na ambao mtoto wao, akifika shuleni, hufundishwa kwamba anavyosema nyanya yake si Kimeru sanifu. Upande wa Embu, Wambeere wanalijua hilo vizuri. Anayekudharau hapo si Mzungu wala Mmaasai, ni jirani yako mwenye kitabu.

"Katiba inazilinda lugha zote."

Kweli, kwa maandishi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya, na kifungu cha 56 kinataja lugha za jamii ndogo waziwazi. Lakini sera ya elimu inasema mtoto wa madarasa ya kwanza afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Doldol lugha ya eneo ni Kimaasai. Mtoto wa Kiyaaku anayefundishwa kwa Kimaasai amepata haki yake kisheria, na lugha ya babu yake haijaguswa.

"Lugha ikishafika hapo haifufuki tena."

Si kweli, lakini asikudanganye mtu kwamba ni kazi nyepesi. Kiebrania kilirudi kuwa lugha ya watoto baada ya karne nyingi za kuwa lugha ya vitabu na sala, kwa sababu kulikuwa na vitabu hivyo na kulikuwa na wazazi walioapa kutosema lugha nyingine mbele ya watoto. Wayaaku wana maandishi machache. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wana chama chao, walipata ugeni wa wataalamu kutoka Leiden, Uholanzi, wakiongozwa na Maarten Mous, na watu wa kizazi cha wajukuu wamekuwa wakiwafundisha watoto maamkio, nyimbo na majina ya vitu. Sioni kwamba watoto hao watakuja kugombana na kutongozana kwa Kiyaaku. Wanachokipata ni kingine, nacho si kidogo: neno "Ndorobo" haliwaumizi kama lilivyowaumiza babu zao, na madai yao juu ya msitu yana mizizi wanayoweza kuitaja kwa majina.

"Kuhifadhi lugha ni kazi ya wasomi."

Si kweli, na hili ndilo ningependa msomaji wa Meru na Embu alishike leo. Heine alikuwa na tepu na daftari. Wewe una simu mfukoni yenye uwezo kuliko vyombo vyake vyote. Kama una babu au nyanya Muthambi, Igoji, Miutini au Mbeere, nenda umkalishe. Usimwombe hadithi za simba peke yake. Mwombe ataje kila kipande cha mzinga, kila aina ya nyuki, miti ya kutundikia na ile isiyofaa, namna asali ya mahari ilivyopimwa na aliyeibeba. Mwache aseme kwa kwao, usimrekebishe. Mwishoni utaje jina lake, kijiji na tarehe kwa sauti kwenye rekodi hiyo hiyo, umuulize kama anakubali wengine waisikie, kisha uweke nakala kwa ndugu wawili na moja kwenye maktaba ya chuo kikuu kilicho karibu nawe. Fanya hivyo kabla ya Desemba, watoto wakiwa likizoni, na uwe nao wakati unarekodi.